Nani Alimfundisha Nani: Siku Sita Addis Ababa

Sijavua hata viatu, simu ya chumbani hotelini ikalia. Alikuwa yule kijana mchoraji ambaye rafiki yangu wa Dar es Salaam alikuwa ameniunganisha naye. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba angenipitia kesho saa tatu asubuhi. Kisha akasita, akaanza maelezo ambayo nadhani huwapa wageni wote.

"Samahani, gashe. Namaanisha saa tatu ya kwetu. Kwa saa ya wageni ni..."

"Saa tatu ni saa tatu," nikamkatiza. "Hata kwetu tunaanza kuhesabu jua likichomoza."

Kimya upande wa pili, halafu kicheko. Hakuwahi, alisema, kumpokea mgeni asiyehitaji kujumlisha sita.

Nilikuwa nimesoma kwamba Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili. Lakini kusoma ni jambo moja, na kuamka katika mji wa ugenini ukakuta saa ya ukutani imepatana na kichwa chako ni jambo jingine. Mwaka ndio ulionishinda. Nilitua Novemba 2024, na tangazo la maonyesho ya picha pale mapokezi lilisema mwezi wa Hidar, 2017. Nilimwambia mke wangu kwenye simu kwamba nimerudishiwa miaka saba na sijui niifanyie nini.

Gashe, kwa wasiojua, ni jina la heshima la mwanamume aliyekuzidi umri. Liko kati ya kaka na mzee. Nina miaka hamsini na nane, nywele zimeanza kuniacha, nikalipokea bila ubishi.

Swali lililonipeleka huko ni la zamani. Nimefundisha uchoraji katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka nilikuwa nikiwapa wanafunzi hadithi ya Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere, kisha akaenda Slade, chuo cha sanaa cha London. Mwaka 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Miaka michache baadaye jumba hilohilo likanunua picha ya Mwethiopia aitwaye Skunder Boghossian. Mwethiopia mwingine, Afewerk Tekle, naye alipita Slade. Mbegu zilitoka ghala moja, kwa ufupi. Lakini leo ukienda Oyster Bay ukawauliza vijana wanaochora tembo na ndege kwenye hadibodi, Tingatinga watakutajia hadi mjomba wake, Ntiro hawamjui. Addis, nilikuwa nimeambiwa, mchoraji wa miaka ishirini na mitano anaweza kukuhesabia walimu wake mpaka mwaka 1957. Nilitaka kuona kama ni kweli.

Saa tatu kamili kijana alikuwa mlangoni, amefunga skafu shingoni kama mgonjwa wa mafua. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na asubuhi za Hidar zina jua kali na baridi kali kwa pamoja. Upande mmoja wa barabara unavua koti, upande wa pili unalivaa. Tulipanda basi dogo la buluu na nyeupe. Konda alikuwa ananing'inia mlangoni akiita "Arat Kilo, Arat Kilo, Arat Kilo!" kwa kasi ileile ya konda wa Mbagala. Arat ni nne, sidist ni sita, sebat ni saba. Nikaona hesabu zao hazijatoka mbali sana na zetu tulizopewa na Waarabu.

Lakini neno lililonisimamisha lilikuwa jingine. Tulikuwa tunapita duka la rangi za nyumba, nikauliza maandishi ya ukutani yanasemaje. "Qelem," akasema. Rangi. Ndiyo hiyohiyo wino. Nikamwambia kwetu kalamu ni kile kifaa kinachoshika wino. Akatoa daftari lake la michoro begani, akaniuliza hili tunaliitaje. Nilipomwambia daftari, akalipiga kofi gamba lake: "Debter!" Abiria wawili waligeuka kututazama. Tangu hapo tukawa tunatafuta maneno kama watoto wanaookota kokoto, na ndivyo tulivyofika Sidist Kilo, kwenye shule ya uchoraji.

*

Shule ya uchoraji ya Addis si jengo la kumfanya mtu asimame akashangaa. Ina korido zenye harufu ya tapentaini, meza zilizokula rangi za vizazi kadhaa, na madirisha makubwa. Katika chumba kimoja wanafunzi kama kumi na watano walikuwa wanamchora mzee aliyekaa kwenye kiti juu ya jukwaa dogo, amejifunika shuka jeupe la gabi. Hakuna aliyeinua macho tulipoingia. Mwalimu alikuwa anazunguka nyuma yao, mikono mgongoni, na alipofika kwa binti mmoja alichukua kipande cha mkaa, akagusa mstari wa bega mara moja tu, akakirudisha. Mimi ni mwalimu. Najua inachukua miaka mingapi kujifunza kugusa mara moja tu.

Shule hii ilianzishwa 1957 na Ale Felege Selam. Alikuwa amesomea Chicago, katika chuo cha Art Institute, akarudi 1954, na badala ya kukaa akachora picha za wakubwa akala vizuri, akaanza kufundisha vijana. Mfalme Haile Selassie baadaye akaiunga mkono. Leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa na inaitwa kwa jina la Ale mwenyewe. Uchoraji wenyewe ulikuwepo Ethiopia karne nyingi kabla yake: kuta za makanisa, vitabu vya ngozi, hati za ulinzi zilizoviringishwa na watu kuzivaa. Ila aliyejifunza alijifunzia kanisani, kwa padri au kwa mjomba, na alichora alichochora mwalimu wake. Hata Agegnehu Engida, aliyesoma Paris kabla ya vita na Waitalia, alirudi akawa kama mti uliosimama peke yake. Ale ndiye aliyepanda shamba.

Kijana alinionyesha ubao wenye majina ya walimu. Alinisomea, kisha akafanya jambo ambalo alilirudia siku zote sita bila kujua kwamba ndilo nililolifuata. Kila jina aliloligusa kwa kidole, aliongeza: huyu alifundishwa na fulani. Huyu alifundishwa na fulani, akaenda Leningrad, akarudi. Huyu akaenda Ujerumani, akarudi.

Akarudi, akarudi. Wahenga wetu wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nikaliandika hilo pembeni ya daftari langu na kulizungushia duara.

*

Mwendo mfupi kutoka hapo lipo jumba la sanaa ya kisasa lenye jina la Gebre Kristos Desta. Lilifunguliwa 2008, na kiini chake ni picha zake zilizokuwa Ujerumani zikarudishwa nyumbani. Nilipanga saa moja. Nilikaa tatu.

Gebre Kristos alizaliwa Harar 1932, mtoto wa padri msomi aliyekuwa akipamba vitabu vya kanisa kwa mkono wake. Kwa hiyo alianza ambako wote walianzia. Akasoma Cologne kuanzia 1957, na aliporudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya sitini alileta kitu ambacho Addis haikuwa na jina lake: picha isiyo picha ya kitu chochote. Duara. Rangi nyekundu iliyojaa mpaka pembeni. Uzito wa rangi juu ya rangi. Watu walimuuliza hii ni nini, na najua waliuliza kwa sauti gani, maana wazazi wa wanafunzi wangu wameniuliza hivyohivyo. Mwaka 1963 aliipa moja ya picha zake jina la Golgota. Mtoto wa mpamba vitabu hakukimbia msalaba. Aliuvua sura ukabaki maumivu. Mwaka 1965 alipewa tuzo ya Haile Selassie, kubwa kuliko zote nchini wakati ule. Alikuwa pia mshairi, na Waethiopia wengi wasiojua picha yake hata moja wanayajua mashairi yake.

Nilisimama muda mrefu mbele ya duara moja la rangi ya majani mabichi. Kijana alikuja akasimama karibu yangu, hakusema kitu. Baadaye aliniambia kwamba mwaka wa kwanza wa masomo alikuwa akija hapa kila Ijumaa na alikuwa akimchukia mtu huyu. Alidhani anamdanganya. Mwaka wa tatu, siku moja, aliona kwamba mstari wa nje wa duara umepigwa na mkono uliokuwa ukitetemeka, ukasahihishwa, ukatetemeka tena. "Tangu siku hiyo akawa babu yangu," alisema.

Gebre Kristos alifundisha katika shule ya Ale tangu aliporudi. Dergi, utawala wa kijeshi, ilipoingia 1974 mambo yakabadilika, na mwishowe aliondoka. Alifia Lawton, Oklahoma, 1981, hajafika hata miaka hamsini. Huyu hakurudi. Picha ndizo zilizorudi.

*

Ukumbi wa Afrika nilikwenda kwa kiherehere cha Mtanzania. Ndimo ulimoasisiwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tarehe 25 Mei 1963, na Mwalimu Nyerere alikuwemo. Ulikuwa umefunguliwa tena mwezi uliotangulia baada ya ukarabati wa miaka, na ruhusa ya kuingia iliombwa mapema, pasipoti mkononi, mkanda wa suruali kwenye trei ya mashine.

Unapanda, unageuka, na rangi inakumwagikia. Kioo cha Afewerk Tekle kina ukubwa wa mita za mraba 150, kimegawanywa sehemu tatu: Afrika ilikotoka, iliposimama, inakoelekea. Alikimaliza 1961 akiwa hajatimiza miaka thelathini. Kuna joka, kuna kifo cha mifupa mitupu kinachofukuzwa, na mbele ya yote familia ya Kiethiopia imeshika mwenge. Nilipouona mwenge nilitabasamu peke yangu. Mwaka uleule wa 1961, Desemba, sisi tuliwasha wetu tukaupandisha Kilimanjaro. Nadhani hapakuwa na mwanasiasa wala mchoraji wa Afrika mwaka ule aliyekuwa haoni moto mbele yake.

Afewerk alipelekwa Uingereza 1947, kijana wa miaka kumi na mitano, akasomee uhandisi wa migodi. Taifa lilihitaji wahandisi. Akarudi mchoraji, na Mfalme hakumfunga. Alimpa kuta za kanisa na hatimaye kioo hiki. Akawa mchoraji wa taifa, akajijengea nyumba kama kasri aliyoiita Villa Alpha, akafa 2012 akiwa na medali za kujaza ukuta.

Niseme ninavyoona, na wenyeji wanisamehe. Kioo ni kikubwa, kinatisha kwa uzuri, mwanga wa mchana unapokipiga sakafu inakuwa zulia. Lakini kinahutubia. Kila mtu ndani yake amesimama kama anayepigwa picha ya magazeti. Nilipotoka nilijikuta nakumbuka zaidi lile duara lililotetemeka. Kijana alikubaliana nami nusu. "Gashe," alisema, "bila huyu aliyehutubia, nani angemruhusu yule kunyamaza?" Jibu hilo nimelitafuna mpaka leo.

*

Nje ya ukumbi, mtaa wa Kazanchis ulikuwa unabomolewa. Mwaka ule serikali ilikuwa inapanua barabara na kupendezesha mji. Sehemu za mtaa wa Piassa zilikuwa zimeshakwenda, sasa ilikuwa zamu ya Kazanchis. Tulipita katikati ya vifusi, mabati yaliyokunjwa, milango iliyosimama bila nyumba. Huku kwa miaka mingi waimbaji wa azmari na wachoraji walikuwa wanakaa chini ya paa moja. Rafiki wawili wa kijana walikuwa wamepoteza chumba cha kazi mwezi huohuo. Mmoja alihamishia turubai zake kwa dada yake nje kabisa ya mji, na sasa anachora kwenye kibaraza, mvua ikija anaingiza.

Sitajifanya kwamba najua zaidi ya mwenyeji juu ya barabara za mji wake, na barabara mpya kweli ni pana. Lakini jamii ya wachoraji inaishi kwa kodi ndogo. Hilo ni kweli Addis kama lilivyo kweli Dar. Mchoraji hahitaji mengi: chumba chenye dirisha, jirani asiyelalamikia harufu ya tapentaini, na mchoraji mwingine karibu anayeweza kumwambia kwamba mkono wa kushoto umezidi urefu. Ukiwatawanya, kila mmoja anabaki na turubai yake, lakini yule wa kumwambia hivyo hayuko tena karibu.

*

Siku ya nne tulikwenda kumwona mwalimu mstaafu, nyumbani kwake. Kijana aliinama kumsalimia hadi bega kwa bega, mara tatu, na mimi nikaiga. Mzee alisoma shuleni hapo mwishoni mwa miaka ya sitini, na nilipotaja Skunder aliweka kikombe chini.

Skunder Boghossian alizaliwa Addis 1937, mama Mwethiopia, baba Muarmenia aliyekuwa afisa katika kikosi cha walinzi wa Mfalme. Alikwenda London 1955, kisha Paris, na huko alikaa karibu miaka kumi akikutana na Waafrika na watu weusi wa Marekani na Karibiani waliokuwa wakigombana usiku kucha juu ya maana ya kuwa mweusi. Picha zake zikajaa ndege, mayai, nyota, mizimu na mapambo ya hati za kale za Kiethiopia, vyote vikielea pamoja. Alichora juu ya turubai, juu ya ngozi, hata juu ya kitambaa cha gome la mti. Alirudi Addis 1966, akafundisha mpaka 1969.

"Miaka mitatu," mzee alisema, akanyoosha vidole vitatu. "Watu wanadhani ilikuwa ishirini."

Alisema Skunder hakufundisha kwa ratiba. Aliingia, akatazama, akaanza kuongea juu ya muziki wa jazi au juu ya pambo la msalaba wa Lalibela, na wanafunzi wakatoka wakiwa hawajui wamefundishwa nini mpaka wafike nyumbani. Kutoka darasa hilo walitoka watu kama Zerihun Yetmgeta, aliyekuja kuchora juu ya vipande vya mianzi vya kitanda cha mfumaji, akapanga sura za watakatifu na vinyago vya Afrika pamoja kama kitambaa. Enzi hizohizo, 1969, Desta Hagos akawa mwanamke wa kwanza Ethiopia kufanya maonyesho yake mwenyewe. Skunder akahamia Marekani. Kwa zaidi ya robo karne alifundisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na Waethiopia waliokimbia Dergi wakamfuata huko mmoja mmoja. Wosene Worke Kosrof, anayezigeuza herufi za Kiamhari kuwa watu wanaocheza, alipata shahada yake huko 1980. Nikamwambia mzee kwamba basi huyu naye hakurudi. Akakataa kwa kichwa. "Aliihamisha shule," alisema. "Ukiwa na shule, umerudi."

Juu ya Dergi yenyewe mzee aliongea kwa ufupi na kwa kicheko ambacho hakikufika machoni. Meskel Square ikaitwa Uwanja wa Mapinduzi, sura za Marx, Engels na Lenin zikasimamishwa humo kubwa kama maghorofa, na kila mwenye mkono wa kuchora akaitwa kuchora mabango. Nikamuuliza kama na yeye alichora. "Ndevu," alisema. "Nilikuwa mzuri wa ndevu." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: kwamba miaka hiyo wanafunzi wengi walipelekwa Urusi, na Warusi waliwafundisha kuchora mwili wa binadamu kwa ukali ambao Addis haikuwahi kuuona, na kwamba yeye, ambaye hana sababu ya kuipenda serikali ile, hawezi kuuficha ukweli huo. Kama mfano alimtaja Tadesse Mesfin.

Picha za Tadesse nilikuwa nimeziona siku mbili kabla, katika jumba moja la maonyesho, na sikuwa nimejua niwaze nini. Ni wanawake wa sokoni, wauza mboga wa barabarani, wamesimama warefu kama nguzo, na kweli mfululizo huo anauita Nguzo za Maisha. Wanaelea kidogo. Hawakutazami kwa kukuomba ununue. Wamesimama kama watakatifu kwenye ukuta wa kanisa, macho makubwa, miili imepunguzwa mpaka mistari michache. Sasa, baada ya maneno ya mzee, niliona mambo matatu kwa pamoja: kanisa, Leningrad, na miaka aliyosoma shuleni pale wakati Gebre Kristos alikuwa mwalimu. Alirudi kutoka Urusi miaka ya themanini na akafundisha kwa miongo. Mmoja wa wanafunzi wake, Tesfaye Urgessa, akaenda Stuttgart, akaishi Ujerumani zaidi ya miaka kumi, akarudi Addis 2022. Wiki ileile niliyokuwa pale picha zake zilikuwa bado zimetundikwa Venice: mwaka 2024 Ethiopia ilishiriki maonyesho ya Biennale ya huko kwa banda lake la kwanza, na aliyejaza kuta alikuwa yeye peke yake.

*

Siku iliyofuata nilizunguka haraka zaidi kuliko inavyostahili. Makumbusho ya Taifa, ambako watoto wa shule hujazana chini kuyaona mabaki ya kale ya Lucy, ambaye wao wanamwita Dinkinesh, na ghorofa ya juu yenye picha inabaki na mlinzi na mimi. Zoma, jumba la sanaa lililojengwa kwa udongo na majani na Elias Sime pamoja na Meskerem Assegued, lililofunguliwa 2019. Kuta zake zimekunjwakunjwa kwa vidole kama unga wa chapati, na Sime mwenyewe ni mtu anayefuma picha kubwa kwa nyaya na vibao vya kompyuta mbovu. Ukimwona mchoraji Julie Mehretu wa New York akitajwa kila mahali, kumbuka naye ni mzaliwa wa hapa, aliyeondoka mtoto 1977 na kuleta kazi zake Addis kwa maonyesho 2016.

Barabara ya Churchill nilipita kwa ajili ya zawadi. Maduka yana ngozi za mbuzi zilizochorwa vita vya Adwa, mamia, zinazofanana. Kijana alikuwa ananisubiri nje, aibu imemjaa, kama ambavyo mimi ningemsubiri mgeni kwenye maduka ya Slipway kule Dar. Lakini nilimwita ndani anieleze. Akaniambia nitazame macho. Waethiopia na Mtakatifu Georgi wamechorwa uso mzima, macho mawili. Waitalia wamechorwa ubavu, jicho moja. Ndiyo sheria ya kanisani: mwema ana macho mawili, mwovu moja. Aliyechora ngozi hii ya bei rahisi hakusoma shule yoyote, na bado anaishika. Nikanunua moja, na muuzaji aliponitajia bei nilimwambia kwa Kiswahili kwamba ananiua. Alielewa.

*

Jioni ya mwisho kijana alinipeleka kwao. Mama yake alikuwa ametandaza majani sakafuni, amewasha ubani, anakaanga buni kwenye kikaango kidogo na kupitisha moshi mbele ya pua ya kila mtu. Buni, nilimwambia. Bunna, akanijibu mama, na akanihesabia kwamba tutakunywa mara tatu na nisidhani nitatoroka: abol, kisha tona, kisha bereka. Nikamwomba anirudie la tatu. Bereka. Baraka. Nikamwambia hilo nalijua tangu tumboni.

Turubai za kijana zilikuwa chumba cha nyuma, zimegeuzwa uso ukutani. Aligeuza tatu. Ni milango ya Kazanchis, ile iliyosimama bila nyumba, na ndani ya kila mlango, badala ya chumba, duara moja la rangi. La kwanza lilikuwa baya, nikamwambia. La tatu lilikuwa linaanza kuwa lake mwenyewe. Alitikisa kichwa kama anayesikia jambo alilokwisha kulisikia. Alikuwa na barua ya kwenda Ujerumani miezi sita. Sikumuuliza kama atarudi.

Tuliporudi kwenye majani, kikombe cha pili mkononi, nikamwomba aniandikie kwenye daftari langu ile orodha: yeye alifundishwa na nani, na huyo na nani. Aliandika bila kusita, juu kwenda chini, kwa herufi zao, mistari minne. Sijui kuzisoma. Mstari wa chini kabisa aliupigia mstari mara mbili na kusema, "Ale."

Kisha akanirudishia kalamu. "Sasa wako, gashe."

Niliandika jina langu. Chini yake nikaandika jina la mwalimu wangu wa Butimba, marehemu sasa, mtu aliyenifundisha kushika mkaa na kunikataza kufuta. Miaka miwili nilikaa darasani kwake. Alikuwa mpole, alipenda chai ya tangawizi, alijua kuchora farasi ingawa Mwanza hakuna farasi. Nikasubiri jina la tatu lije. Yeye alijifunzia wapi? Alisoma Makerere? Alimwona Ntiro hata mara moja? Mimi ninayewalaumu vijana wa Oyster Bay, sikuwahi kumuuliza.

Mama akanitazama, akaitazama ile nafasi wazi kwenye karatasi, akachukua kikombe changu mkononi mwangu akakijaza tena. Bereka. Ndege ilikuwa saa tano usiku, saa tano ya kwao na ya kwetu.